Mwasumini Ulionyolewa Kila Jumamosi

Mjomba wetu kinyozi, Mungu amlaze pema, alikuwa na wateja wengi na mwasumini mmoja. Wateja walikuwa na bahati: wakishanyolewa, walikwenda zao.

Mwasumini wenyewe aliuotesha kwa kijiti alichokata kwenye kichaka cha marehemu bibi, wiki ile nyumba ya bibi ilipouzwa. Hakuchukua kitu kingine. Alikichomeka mbele ya mlango wa kibanda chake cha kunyolea, penye jua la kutosha, pasipotuama maji, akakilisha samadi na kukinywesha kila asubuhi. Baada ya miaka miwili kilikuwa kichaka cha kufika kiunoni, kijani masika na kiangazi. Ila hakikuwahi kutoa ua hata moja.

Mama yangu, ambaye ni dada yake, alikuwa akiyasubiri maua hayo ayaweke kabatini katikati ya nguo, na mengine yaelee kwenye jagi la maji ya kunywa, kama bibi alivyofanya.

"Bado?" alikuwa akiuliza.

"Anajikusanya, dada. Usimharakishe."

Mwezi wa saba mama mwenye nyumba, aliyempangisha mjomba kibanda, alisimama mlangoni, mkoba begani, akielekea kwa binti yake.

"Kinyozi, mti wa maua usio na maua ni majani tu. Nikirudi mwezi wa tisa sijanusa kitu, naung'oa. Hapo nitaweka tangi la maji."

Mjomba hakula siku mbili. Alituomba tuutaje mwasumini kwenye maombi ya familia, nasi tukautaja, kati ya shangazi mwenye presha na watoto wa mtihani.

Jumamosi iliyofuata mama alimpelekea chakula, akamkuta nje. Kichaka kimefungwa kitambaa cha kunyolea, na mjomba anakizunguka na mkasi, anapunguza pembeni, anarudi nyuma, anainamisha kichwa. Kisha, wallahi, akakishikia kioo kwa nyuma.

"Wewe, unafanya nini?"

"Namtengeneza. Kila Jumamosi namtengeneza. Nitafunguaje kazi na mtu wa mlangoni kachakaa?"

"Mdogo wangu! Asumini huchanua kwenye ncha changa. Miaka miwili unanyoa maua hayajazaliwa!"

Mjomba alikaa kwenye kiti cha wateja. Mama aliutia mkasi kwenye mkoba wake akaondoka nao. Wiki nane wateja walinyolewa kwa mashine, watake wasitake. Kichaka kikatimka kila upande, na waliopita walimchokoza: "Mhudumie huyo kwanza, mimi nitasubiri." Mjomba aligeuza kiti ili asikione.

Mama mwenye nyumba alirudi na fundi wa tangi. Fundi alipochutama na futi yake, mama yule akamshika bega.

"Nani kajipaka manukato?"

Hapakuwa na aliyejipaka. Maua manne, meupe pe, yalikuwa yamechanua chini ya pua yake. Alichuma moja, akalichomeka kwenye nywele, akamwambia fundi akapime uani.

Mjomba alilia mbele za watu na kumshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akampigia mama simu.

"Dada, niletee mkasi. Kuna mtu ananisubiri."

"Mtu gani?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Ana kichwa, dada! Naapa, huyu ana kichwa!"