Neno la Siri la Dada Yangu

Dada yangu aliacha vidonge vya presha kwa sababu ya mchoro. Alinionyesha kwenye simu, sebuleni kwake Migosi: mistari ya presha kwa njia nyingine za kutuliza akili ikijikokota huko juu, na ule wa njia ya mwalimu wake wa kutafakari ukiteremka kama mtu aliyeteleza kwenye tope. "Sayansi imethibitisha, nyamera, dada yangu," akasema. "Hakuna nyingine inayoikaribia." Presha ndiyo iliyomuua mama yetu.

Nimepima watu presha miaka mingi katika zahanati huko Ahero, kwa hiyo Jumamosi nilimfuata kwenye darasa la mwalimu huyo, mjini. Ukumbi uko orofa ya nne na lifti imekufa. Watu walifika wakihema, jasho linawatiririka, wakapimwa palepale mlangoni. Kisha wakakaa dakika ishirini macho wamefumba, kila mmoja akirudia moyoni neno la siri alilopewa na mwalimu. Wakapimwa tena. Imeshuka! Makofi. Yawa, ya nani isingeshuka? Kwetu zahanati, mtu akitoka juani tunamkalisha kwanza ndipo tunampima.

Niliinua mkono. Hao wa njia nyingine kwenye mchoro walipimwa na nani? Mwalimu, mtu mpole wa sauti laini, akajibu kwamba utafiti ulifanywa na wanafunzi wake waliobobea. Na waliokaa kimya tu, bila neno lolote, je? Akatabasamu. "Shaka nayo ni mzigo, mama." Watu wakacheka. Dada akanikanyaga mguu.

Jumapili alikuja kwangu baada ya kanisa, kwa miguu, jua la saa saba. Nikampima akiwa bado mlangoni. Halafu nikampa ungo wa mchele achague mawe, tukanyamaza wote wawili. Baada ya dakika ishirini nikampima tena, na namba ikawa imeshuka vilevile.

"Umeona? Na neno lako hukulitumia."

"Si mradi imeshuka?"

"Imeshuka, lakini bado iko juu, dada! Hapo ilipo bado inaua."

Akaendelea kuchagua mchele. Akasema tangu amzike mumewe, usingizi ameupata mwaka huu tu, kwa neno hilo, na nisithubutu kumnyang'anya. Haki ya Mungu sikutaka kumnyang'anya. Nikamwambia akae na neno lake asubuhi na jioni, hata mchana akipenda, ila dawa ameze.

"Wewe hujawahi kuamini kitu," akasema. "Huwezi kuelewa."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia nilikwisha kuamini. Mwaka ule wa mikutano ya maombi uwanjani, nilimpima mama kila baada ya sala, yeye amekaa kitini ametulia, nami nikaona namba inashuka, nikamshukuru Mungu kwa machozi. Mimi ndiye niliyemwambia ameshapona. Vidonge vyake nilivitupa chooni kwa mkono wangu huu. Wote nyumbani walidhani mama alisahau kumeza, nami nikawaacha wadhani hivyo, miaka yote hiyo.

Dada akaweka ungo chini. Akachukua mkoba wake, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nikasikia karatasi ya vidonge ikipasuka, kumbe bado alikuwa anavibeba, kisha maji ya bomba. Amemeza, hilo nina hakika. Lakini bomba lilifungwa na yeye hakutoka, nami nilikaa pale nikiuogopa mlango ule, na atakaloniambia kuhusu mama akiufungua, kuliko nilivyowahi kuiogopa presha.