Donge la Barafu na Minyaa ya Bibi

Harufu ya vitunguu vilivyong'olewa leo, vikiwa bado na udongo, hunirudisha Mbulu, kwenye kijiji chetu kilicho ukingoni mwa bonde. Ukungu ulikaa mpaka saa nne asubuhi, nasi tulikwenda shule tumejifunga mashuka juu ya sare. Ukiondoka ulifunua bonde la Yaeda Chini, ng'ombe wakionekana kama chawa kwenye blanketi la kahawia. Mwaka niliokuwa darasa la tano, dada yangu Veronika alikuwa huko chini. Alishika mimba kabla ya kuolewa, na Bibi, aliyetulea sisi wawili, hakukosa kanisani Jumapili hata moja, lakini katika jambo hilo alishika mila. Msichana wa namna hiyo hajifungulii nyumbani. Huwekwa metimani, yaani hutengwa na watu, na atakayemgusa kabla wazee hawajamsafisha, naye hutengwa. "Mwacha mila ni mtumwa," Bibi alisema, akamfungia Veronika unga na blanketi, akampeleka kwa shangazi yetu aliyelima vitunguu bondeni.

Msimu huohuo mwalimu wa sayansi, mgeni kutoka Mtwara, alichora jua ubaoni, akazipanga sayari, kisha akauacha ubao na kuweka nukta ya chaki ukutani, karibu na mlango. Akasema hiyo ni Sedna, donge la barafu lililo mbali mno, linalozunguka jua mara moja tu katika miaka zaidi ya elfu kumi. Ukisimama juu yake, alisema, unaweza kuliziba jua kwa kichwa cha pini. Emanueli, aliyekaa nyuma yangu, akauliza, "Mwalimu, nani alikwenda kupima?"

"Wewe umewahi kushuka bondeni?"

"Bado."

"Sasa ng'ombe wa huko umewajuaje?"

Tulicheka. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza kama jua ndilo lililoifukuza. Mwalimu alinitazama kidogo. Nadhani habari za nyumbani kwetu alikuwa amezisikia. "Hapana, Theresia," alisema. "Jua bado linaivuta. Hata sasa iko njiani kusogea." Tangu siku hiyo, kila nilipotoka shule, nilipanda kichuguu nyuma ya zizi nikaitazama njia ya bondeni.

Veronika alikuja mchana mmoja wa Juni, Bibi akiwa kisimani, akafika kwenye ua wetu wa minyaa. Mgongoni alikuwa na mtoto, mkononi fungu la vitunguu. Nilikuwa nimemngoja miezi yote ile, lakini miguu yangu haikwenda. Sheria ya Bibi niliijua kuliko somo lolote.

"Simama hapo hapo, dada."

"Hata shikamoo hunipi?"

"Shikamoo. Usivuke minyaa."

"Marahaba." Alicheka kwa pua, kama kawaida yake. "Siku hizi umekuwa mzee wa mila. Njoo basi umwone mtoto. Na umwambie Bibi nimechoka huko, nataka kurudi."

Nilirudi nyuma hatua moja. Aliiona. Akaviweka vitunguu chini upande wake wa ua, akamkaza mtoto mgongoni, akashuka alikotoka.

Bibi aliporudi nilimsimulia kwa majivuno. Alitua ndoo taratibu. "Mtoto ni wa kike au wa kiume?"

"Sikuuliza."

Alikwenda kwenye minyaa, akaviokota vitunguu vile kwa mikono yake, akavikumbatia kifuani, akakaa palepale mpaka baridi ikaanza. Wiki iliyofuata alituma mtu bondeni kumwita. Shangazi akajibu kuwa Veronika aliondoka na lori la vitunguu, bila kuaga.

Darasa la saba sikulimaliza. Nimefunga magunia ya vitunguu Katesh, nimepika kwa mama ntilie Singida, nimechekecha mchanga Mirerani, na kila mahali humuulizia Veronika. Majuto ni mjukuu. Wangu nimembeba tangu utotoni. Nyumbani siku hizi wasichana hujifungulia hospitali na kurudi kwa mama zao, na minyaa ya Bibi imekatwa. Nikipata bando hutafuta kwenye simu habari za lile donge la barafu. Mwalimu hakudanganya. Kila mwaka linalisogelea jua kidogo, na njia yote ile ndefu hakuna aliyeliambia lisimame hapo hapo.