Jina Nililolitaja Kashi

Ba alikuwa na Kiswahili chake, cha dukani kwa baba yake Kisumu alikozaliwa, na ndicho kilichonipatia kazi. Siku ya kwanza nilipoingia kwao Rockville, Marekani, aliniuliza, "Wewe natoka wapi?" Nilipojibu Vihiga, akamwambia binti yake asitafute mtunzaji mwingine. Ba ni mama kwa Kigujarati, na hivyo ndivyo nami nilivyomwita. Nilimwogesha, nikamvalisha soksi, nikamvumilia akiisema vibaya chai yangu.

Mwaka jana akaamua ni lazima aende Kashi, ule mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganga ambao ramani zinauita Varanasi. Alitaka kumfanyia marehemu mumewe ibada aliyoiahirisha tangu magoti yamgomee. Ingekuwa safari ya siku chache tu, kwa kuwa binti yake hakupata likizo ndefu, na mtu wa kusukuma kiti cha magurudumu ni mimi. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniuliza.

Mama yangu sikumwambia. Ningemwambia nini? Kila Desemba nilimpigia kumweleza kwamba ruhusa imekosekana, labda mwakani, naye hujibu, "Sawa mwanangu, kazi kwanza." Sasa ruhusa imepatikana, pasipoti iko mkobani, na ninakwenda India. Nikamdanganya kwamba nina zamu ndefu, asishtuke nisipopiga simu.

Vichochoro vya Kashi ni vyembamba na ng'ombe hawapishi mtu, kwa hiyo mwenye kupisha nilikuwa mimi na kiti changu. Nilikwenda na ulokole wangu wote. Kila tulipopita hekalu niliomba kimoyomoyo, na shada la maua nililovishwa hotelini nililivua na kulishika kwa ncha za vidole. Wapagazi walimbeba Ba na kiti chake mpaka ngazi za chini, karibu na maji. Hapo kuhani alikuwa ameketi mkekani na matonge ya wali na ufuta mweusi mbele yake. Ba akalitaja jina la mumewe, akamwaga maji kutoka kiganjani, akalia bila kujificha. Halafu akanigeukia.

"Wewe pia. Sema jina ya mama yako."

Katika kikundi chetu cha maombi pale Silver Spring, ukiulizwa jina la mzazi unalitoa tu. Watu wanalibeba katika maombi, na mama anapata nafuu ya mgongo. Nikasahau kwamba sikuwa Silver Spring. Nikalitaja jina la mama kwa sauti, lote, hadi la ukoo. Kuhani akalirudia kwa shida, akanitilia maji na ufuta kiganjani, akanionyesha niyaachie yapite kando ya kidole gumba. Nikayaachia yakaenda mtoni.

Tulipokuwa tukirudi hotelini, binti yake Ba alinishika bega. "Pole sana," akasema kwa Kiingereza. "Hukutuambia kwamba mama yako alifariki."

Hapo ndipo nilipojua kwamba majina yanayotajwa pale ni ya wafu tu.

"Mimi najua zamani," Ba akasema bila kugeuka kitini. "Miaka yote hii wewe hapana enda nyumbani. Kama mama iko, mtu naenda."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kusema mama yu hai kulikuwa ni kusema ninaye na siendi kumwona. Nikafungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa asante.

Tuliporudi Rockville, Ba akawa mpole kupita kiasi. Chai yangu akainywa bila neno. Mbele ya picha ya mumewe, palipowaka taa ya samli kila asubuhi, akaongeza taa ya pili, ya mama yangu, na mimi ndiye niliyetumwa kuiwasha. Niliiwasha, Mungu anisamehe, asubuhi baada ya asubuhi.

Siku moja nilikuwa nimepiga magoti namvalisha soksi simu yangu ikalia mezani. Ba akaibonyeza, kama anavyobonyeza ya wajukuu zake, na uso wa mama ukajaa kwenye kioo, kitambaa kichwani, kuku wakilia nyuma yake.

"Nani huyu?" Ba akauliza.

"Mimi ni mama yake," mama akajibu, amefurahi kusikia Kiswahili. "Na wewe ndiwe mama mzee unayenitunzia mtoto huko? Asante sana."

Ba akaitazama taa. Akanitazama mimi, soksi mkononi.

"Mama, sisi nasema jina yako kwa mto kubwa, India," akasema taratibu. "Mtoto yako nasema."

Mama akacheka. "Basi endeleeni kuniombea, mgongo umepata nafuu." Kisha akanitafuta kwenye kioo. "Kumbe ulifika India."

Nikaikunja soksi, nikaikunjua.

"Sawa mwanangu," akasema. "Kazi kwanza."

Simu ilipokatika, Ba alinyoosha mkono akaizima taa ya pili. Niliposogea nimvalishe soksi iliyobaki, aliurudisha mguu chini ya kiti.

"Kwanza sema," akaniambia. "Nyumbani naenda lini?"