Kidude Kilichokataa Kunyamaza

Tajiri wetu hakuwahi kukiita kwa jina lake. Alikiita kidude. "Kidude chako kimeanza tena," angeniambia, utadhani nilikizaa mimi. Nilikuwa fundi wake wa vyombo vya ndege kwenye kiwanja cha Tororo, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wa ovaroli, na kidude kile kilikuwa chini ya mikono yangu. Kila kilipopiga kelele, aliyetukanwa ni mimi. Sawa tu. Matusi nimeyazoea, nimekulia sokoni.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini mbili, ya kukodishwa na watu wenye haraka. Ilikuwa na otopailoti, yaani mtambo unaoshika usukani ili rubani apumzishe mikono. Mtambo huo hauna macho. Unaambiwa na jairo, gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi ndani ya kikopo, kwamba ndege imekaa sawa au imelala upande. Yetu ilikuwa na jairo mbili, moja ikizungushwa na hewa, nyingine na umeme. Kidude kilikaa katikati kikizisikiliza zote muda wote. Zikikubaliana, kimya. Zikipishana, kinawasha taa nyekundu, kinapiga kengele, kinaunyang'anya mtambo usukani na kumrudishia rubani papo hapo. Hakijui ni jairo ipi inayodanganya, wala hakijidai kujua.

Chuoni wenzangu walihangaika sana na somo hilo. Mimi nililielewa siku ile ile, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mama yangu. Kwetu Busia, mkulima akitoka Buhehe na mahindi yake huja na mizani yake. Mnunuzi akivuka kutoka Kenya huja na yake. Hakuna anayeiamini ya mwenzake, na wana sababu zao. Gunia linatundikwa kwenye hii, kisha kwenye ile, na katikati anakaa mtu asiye na gunia wala mizani, kazi yake kutazama tu. Mama alitazama. Mizani zikisema mamoja, aliitikia kwa kichwa na wapagazi wakabeba. Zikipishana, aliweka mguu wake juu ya gunia, na gunia halikunyanyuka.

Halafu ngoja uone makelele! Mkulima anafoka, mnunuzi anafoka, wapagazi wanafoka kwa sababu jua linawachoma. "Sasa mama, nani mwizi hapa? Sema basi!" Naye, bila kupandisha sauti, "Mimi nimeona zimepishana. Mengine ni yenu." Walimwita kizuizi, roho mbaya, mchawi wa mahindi. Mguu hautoki. Nilimpenda mama yangu kwa mguu ule kuliko kwa kitu kingine chochote.

Sasa nirudi Tororo. Mvua za masika zilipoanza, kidude kikawa hakitulii. Ndege ikipaa kidogo tu, kengele. Rubani akirudisha otopailoti, baada ya muda, kengele. Abiria walikuwa wanashtuka na tajiri alikuwa anachemka. Mtu yule aliingia kwenye biashara ya ndege kutoka kwenye malori. Alikuwa na malori barabara yote ya kaskazini, na kwenye lori, taa ya onyo ikikusumbua, unakata waya wake na safari inaendelea. Wallahi lori linafika. Linafika likitoa moshi, linafika likisukumwa, lakini linafika. Hiyo ndiyo elimu aliyokuja nayo kwenye ndege.

"Kidude kimeharibika," akasema. "Kinaona vitu ambavyo haviko."

Nikakipima. Kizima. Nikakipima tena mbele yake, asije akasema nimekipendelea. Kizima kabisa. Basi nikaingia chini ya dashibodi, mgongo kwenye sakafu, tochi mdomoni, kuifuata ile jairo ya hewa mpaka mahali inapovutia pumzi yake, kwenye kichujio. Nilichokikuta huko sijakikuta kwingine, na naamini sitakikuta.

Kichujio kilikuwa kimevishwa kitambaa. Kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni! Kile kile tunachotandika kwenye makochi, juu ya redio, juu ya tivii, juu ya kila kitu tunachokipenda, ili vumbi lisikiguse. Na vumbi la Tororo ni la saruji, lile la kiwandani, linatua kila mahali. Tajiri aliona vichujio vyake vinachafuka upesi, akaleta kitambaa kutoka nyumbani kwake, akamwambia fundi aliyekuwepo kabla yangu akivishe. Mwenyewe alinieleza hivyo kwa fahari. "Hata tivii yangu nimeifunika. Mwaka wa ngapi huu, haijawahi kuharibika."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikakishika kile kitambaa na kicheko kikakata. Vumbi la saruji na unyevu wa mvua, fikiria mwenyewe. Kilikuwa kimeganda, kigumu, ungeweza kukigonga kama mlango. Jairo ilinyimwa hewa, ikatafuta pumzi pembeni penye mwanya, ikaivuta pamoja na vumbi lake lote, na vumbi likazila beringi zake. Nilipoizungusha kwa kidole nilisikia inakwaruza. Jairo hiyo haikuwa inakufa ghafla ili watu waone. Ilikuwa inainama polepole. Na otopailoti ilikuwa inaitii hiyo hiyo.

Maana yake ni hii. Ndani ya wingu huoni juu wala chini. Ndege inalala upande kidogo kidogo, mwili wako hausikii lolote, na kioo cha jairo kilicho mbele yako kinakuambia mko sawa. Unakunywa maji yako kwa raha zako huku unaelekea ardhini. Kitu kimoja tu ndani ya ndege ile ndicho kilichokuwa kinasema, jamani, hawa wawili hawapatani.

Nikamwambia tajiri haya yote kwa Kiswahili cha polepole. Akasikiliza, nasema kweli, alisikiliza. Akasema jairo nyingine ataagiza Nairobi. Nikasema mpaka ifike, ndege iende bila otopailoti, chini ya mawingu, siku ya jua. Akasema sawa. Nikarudi nyumbani nikiwa na moyo mweupe.

Rubani wetu alikuwa shemeji yangu. Ni mtu wa Kirewa, huko huko Tororo, ameoa binti wa mama yangu mdogo, na ndiye aliyenileta kwa tajiri akaniombea kazi wakati wengine walikuwa wanauliza kama mwanamke anajua kushika bisibisi. Mtu wa utani sana. Kila asubuhi alinisalimia, "Mchawi wa mahindi mdogo, umeamkaje?" Nami humjibu, "Nimeamka, na wewe umefua soksi?" Ndivyo tulivyoishi. Wanawe walikuwa wananiita mama mkubwa.

Siku moja asubuhi walikuja wageni, watu wa suti, wana mkutano Nairobi mchana ule na hawataki habari ya barabara. Mbingu ilikuwa imeshuka mpaka mwamba wa Tororo umekatwa katikati, juu hauonekani. Jairo mpya haikuwa imefika. Nikasema tungoje, pengine wingu litafunguka. Tajiri alipanda ndani ya ndege na koleo mfukoni, na aliposhuka alikuwa anajifuta mikono.

"Tayari," akasema. "Kidude kimelala."

Alikuwa amekata waya wake na kuunganisha ncha mbili, kama anavyofanya kwenye lori. Otopailoti itashika usukani, taa haitawaka, kengele haitalia hata jairo ikilala chali. Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia sitaweka sahihi yangu kwenye ndege hiyo, leo wala kesho, na kama haniamini aniangalie usoni.

"Sahihi nitapata kwa mwingine. Mwajiriwa nani hapa?"

"Mimi. Na bado sitaki."

"Wewe mama unakwenda wapi ukitoka hapa? Nani atakuchukua?"

"Hiyo niachie mimi."

Nikamgeukia shemeji. Nilijua atasimama upande wangu, hilo sikuwa na shaka nalo hata chembe. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nitakuwa naangalia mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Jairo ya umeme ni nzima. Nitalinganisha kwa macho."

"Kwa macho? Kwenye wingu, na redio, na mvua, na hao nyuma wanakuuliza tunafika saa ngapi?"

"Shemeji, usinifanyie hivi mbele ya watu."

Iliniuma. Iliniuma kuliko yote aliyosema tajiri. Nikatafuta neno la kuwakomesha wote, nikalipata, nikamwambia tajiri, "Kama ni nzima, panda na wewe." Nilidhani hapo nimemmaliza. Kumbe! Mzee yule hakusita hata kidogo. Alipanda, akakaa nyuma ya rubani, akafunga mkanda, akanitazama dirishani. Hakuwa mwoga, hilo nampa. Aliamini kabisa kwamba kitu kikinyamaza kimepona.

Wageni wakapanda mmoja mmoja. Shemeji akafunga mlango. Nikaona anaanza kugusa swichi za juu, moja baada ya nyingine, kwa ule utaratibu wake ninaoujua, nikamwona dada yangu kwenye mawazo, nikawaona watoto, na miguu yangu ikanipeleka yenyewe. Nikazunguka mbele ya ndege, nikakaa chini kwenye nyasi zilizolowa, mgongo wangu ukiegemea gurudumu la pua.

Haya sasa. Nipiteni.

Tajiri alifungua mlango akapiga kelele ambazo sitaziandika. Wageni walichungulia hapo mlangoni, wakatoa simu wakanipiga picha, mwanamke mzima amekaa kwenye maji na ovaroli lake. Mmoja aliniuliza kwa upole kama ninaumwa. Nikamwambia, "Mimi ni mzima, ndege ndiyo inaumwa," akarudisha simu yake mfukoni. Nilikuwa na hofu, mbona nifiche? Lakini nilikuwa nimekaa na sikuona mtu wa kuniondoa.

Shemeji akashuka. Akachuchumaa mbele yangu.

"Toka hapo. Tafadhali. Nina watoto."

"Ndiyo maana nimekaa."

"Nikikataa ananifukuza. Unajua ananifukuza. Kazi ya urubani Tororo iko wapi nyingine?"

"Haiko."

"Sasa?"

"Sasa nenda kwenye lile wingu, ile jairo ikukwaruzie wongo kwenye kioo, na hakuna wa kukuambia. Lakini utanipita mimi kwanza. Na dada yangu nitamwambia nilikuwa nimekaa wapi."

Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akageuza kichwa akatazama mwamba, na wingu lilikuwa limeshuka zaidi. Akainuka, akapanda tena na kufunga mlango, na mimi nikajishikilia kwenye gurudumu kwa mikono miwili nikisubiri injini. Injini haikuwaka. Mlango ukafunguka tena, nikaona begi lake likitua kwenye nyasi, kisha yeye mwenyewe akashuka akiwa ameshika kofia.

Tajiri alitufukuza wote wawili pale pale, mbele ya wageni, na wageni wakaita magari wakaenda zao kwa barabara. Watu hupenda kuniuliza, kwani ingeanguka kweli? Jamani, mimi nitajuaje? Pengine ingefika. Pengine shemeji angelinganisha kwa macho mpaka Nairobi na kushuka akinicheka. Sikukaa kwenye maji yale kwa sababu nilijua itaanguka. Nilikaa kwa sababu vitu viwili vilikuwa vinapishana na watu wameamua kutosikia. Anayetaka kuniita mchawi aniite.

Tulitembea kwa miguu kuelekea mjini, yeye mbele na begi, mimi nyuma na kisanduku changu cha vifaa, mvua ikitupiga. Hakugeuka. Hakufanya utani. Malori ya saruji yalitupita yakitumwagia matope na hakujifuta. Karibu na njia panda alisimama, akaweka begi chini, akanigeukia, na sijawahi kumwona mtu mwenye hasira namna ile.

"Nilikuombea kazi," akasema. "Mimi! Nikasema huyu ni dada yetu, anajua kazi. Na leo sina kazi kwa sababu yako. Nitawaambia nini watoto? Kwa sababu yako tu!"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa sababu yangu."

"Sitakusamehe."

"Usinisamehe. Nilaumu, shemeji. Nenda nyumbani kwako ukanilaumu, kaa na wanao mezani ukanilaumu, waozeshe hao watoto huku unanilaumu. Nataka unilaumu mpaka uzeeke."