Kope za Mama

Kila asubuhi mama yangu aliamka mzima, akaenda kuchuma pamba kama wanawake wengine wa kijiji chetu cha Ipililo. Ikifika jioni kope zake zilishuka zenyewe, na akila michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, taya lilichoka kabla hajashiba. Majirani wengine walisema amelogwa, wengine wakamwita mvivu. Yeye alisema ni uzee, ingawa hakuwa mzee.

Nilimpeleka hospitali Bariadi. Daktari, mwanamke kijana, alimwambia atazame dari bila kupepesa. Kope ya kushoto ikashuka taratibu mpaka ikafunika jicho. Daktari akatia barafu kwenye glavu, akaiweka juu ya kope ile.

“Vumilia kidogo, mayu,” alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi. Mama akanigeukia, akacheka.

“Kumbe umekonda hivyo, mwanangu!”

Nilikuwa na hofu kwa miezi mingi, na sasa machozi yalinitoka.

“Msuli unaoinua kope ni mzima,” daktari alitueleza. “Ila ujumbe wa kuuamsha haufiki vizuri, kwa sababu kinga ya mwili inauzuia njiani. Baridi imeusaidia ufike, lakini ni kwa muda mfupi tu.”

Alituandikia rufaa ya Mwanza. Huko walimpima tena, wakamwanzishia vidonge ambavyo huvimeza kabla ya kula. Hajapona kabisa. Huchuma pamba asubuhi, jua likikaza anarudi kulala kidogo, na siku hizi hakuna anayemwita mvivu.