Walimpima fundi Shimba mikono, hawakuuliza anapoishi

“Mnataka nihame nyumba yangu niifuate baiskeli?” Yeremia Shimba anauliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu hakuna anayemjibu sawasawa.

Ni Ijumaa, saa nane mchana, chini ya mlima wa mawe wa Igogo, jijini Mwanza. Shimba, fundi viatu mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ameketi juu ya gunia tupu nje ya banda la mkaa. Mbele yake ipo baiskeli mpya ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, imefungwa utepe wa kijani. Nyuma ya baiskeli wamesimama wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha tano pamoja na mwalimu wao, anayejifuta jasho la shingo.

Mwalimu huyo, Jonathan Chenge, ndiye mlezi wa Klabu ya Huduma ya shule yao. Alikuja kwa jambo dogo tu: mzee aijaribu baiskeli leo, ili kesho kwenye hafla asihangaike nayo mbele ya wageni. Hakutegemea ugomvi.

“Mzee wangu, hatujasema uhame moja kwa moja,” anasema. “Upange chumba huku chini. Klabu italipa miezi mitatu.”

“Na mwezi wa nne?”

Anayecheka ni Suzana, mwenye banda la mkaa, ambaye tangu ugomvi uanze amekuwa akipima kopo lile lile la mteja mmoja ili asipitwe na neno.

“Mjibu Ngosha, mwalimu,” anasema, akimwita Shimba jina wanaloitwa wanaume wengi wa Kisukuma mjini hapa. “Mwezi wa nne nani analipa?”

Nyumba ambayo Shimba haitaki kuihama iko juu, katikati ya majabali. Ina vyumba viwili na bati la miaka mingi. Aliijenga mwenyewe kwa pesa ya kushona soli, tofali moja moja, na matofali yote yalipandishwa kichwani na vijana aliowalipa. Hana mwenye nyumba anayemgongea mlango. Kwa mtu anayepata shilingi elfu kumi na tano siku ikiwa nzuri, na elfu nne siku ikiwa mbaya, hilo ni jambo kubwa.

Lakini kutoka barabarani hadi mlangoni kwake hakuna njia ya gurudumu. Hata toroli halipiti. Kuna mawe tu, mengine makubwa kama meza, mengine yamelala ubavu.

Shimba aliugua polio akiwa na miaka minne na miguu yake haimbebi. Anatembea kwa kukaa. Chini ya suruali ameshona kipande cha tairi, na mikononi anavaa katambuga, viatu vya tairi ambavyo wengine huvaa miguuni. Akifika barabarani anapanda bajaji hadi kwenye meza yake ya kazi Nyamagana, karibu na stendi. Nauli ya kwenda na kurudi ni elfu tatu. Baiskeli ingemwokolea nauli hiyo, na yeye hapingi.

“Baiskeli ni nzuri,” anasema, na hapo sauti yake inashuka. Ameshaikagua. Amebonyeza kiti, amezungusha mnyororo, ametazama nyuzi za kiti na kusema aliyezishona alikuwa na haraka. “Tatizo langu haliko barabarani. Liko kule juu. Na mvua inakuja.”

Hofu yake ni hiyo. Mwaka jana, mvua za masika zilipoanza, aliteleza akishuka na kuvunjika kifundo cha mkono. Mtu anayetembea kwa mikono akivunjika mkono, hatoki nyumbani. Alikaa ndani wiki tano. Aliporudi kazini alikuta fundi mwingine ameketi mahali pake, na ilimchukua karibu mwezi mzima wa kubembeleza viongozi wa mtaa hadi apate tena meza yake. Waliomrudishia walimwambia wazi kwamba mara ya pili hawataingilia.

Sasa ni wiki ya mwisho ya Februari.

Jinsi klabu ilivyofika hapa ni kisa cha aina yake. Kwa miezi mitano, kila Jumamosi asubuhi, wanafunzi hawa walikuwa wakija kwenye meza ya Shimba kung’arisha viatu vya wapita njia. Walivaa sare na kuweka sanduku la mbao lenye maandishi “Mchango kwa mwenye uhitaji.” Shimba aliwapa brashi zake na kuwafundisha kazi: dawa kidogo, kitambaa kikavu, kisigino kwanza kwa sababu ndicho watu husahau. Siku za mwanzo walimpaka mteja mmoja dawa nyeusi kwenye kiatu cha kahawia. Shimba ndiye aliyeomba radhi.

Hawakumwambia mwenye uhitaji ni nani. Walitaka iwe siri hadi siku ya hafla. Walifanya upelelezi wao kwa makini. Princess Owiti, mwenyekiti wa klabu, alimpima urefu wa mikono kwa uzi, mzee akiwa amesinzia. Orwa, mwenzake mwenye maneno mengi, alimwuliza uzito wake akisingizia somo la fizikia. Walijua upana wa kiti anaokaa vizuri na mkono wake wenye nguvu zaidi. Saa sita mchana walifunga sanduku na kurudi shuleni. Jioni, Shimba alipopanda bajaji kwenda kwake, hakuna aliyekuwepo kuona anashukia wapi.

Kila Jumamosi, kabla hawajaondoka, naye alitumbukiza shilingi elfu moja kwenye lile sanduku. Alimhurumia huyo mtu.

“Kwa hiyo nimejichangia mwenyewe,” anasema sasa, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. “Ningejua ningeweka mia tano.”

Wanafunzi wanacheka. Mwalimu Chenge hacheki. Anaeleza kwamba kadi zimeshagawiwa, turubai limelipiwa malipo ya awali, soda na keki vimeagizwa, na wazazi waliochangia wanakuja kesho saa nne kushuhudia. Mzee akikataa, watasema klabu imekula pesa. Anamwomba apokee tu kesho, picha zipigwe, mengine yatazungumzwa baadaye.

“Baadaye lini, mwalimu? Mvua ikishanyesha?”

Princess, binti wa miaka kumi na minane kutoka familia ya wavuvi wa Rorya, amekuwa akiutazama mlima tangu ugomvi uanze. Sasa anasogea, anachuchumaa mpaka macho yake yanakuwa sawa na ya Shimba, na kuuliza swali ambalo kwa miezi mitano halikuulizwa.

“Baba, unashukaje?”

Shimba anavaa katambuga zake mikononi.

“Kushuka hakusimuliki, mwenyekiti. Twende ukaone.”

Anapanda kwa kurudi nyuma, mgongo ukiwa mbele. Anaweka viganja kwenye jiwe la juu, anajiinua, anakaa, anaivuta miguu, anapumua. Kisha jiwe jingine. Wanafunzi wanamfuata taratibu kwa sababu hawawezi kumpita. Orwa anajaribu kumshika bega na kuambiwa aondoe mkono, atawaangusha wote wawili. Baadaye kidogo Orwa anajaribu kupanda kama yeye, kwa kukaa. Kwenye jiwe la nne anainuka na kujikung’uta suruali.

Katika miaka kumi na tisa Shimba ameyapa mawe haya majina. La kwanza ni Mpokeaji, kwa sababu ni pana na halina ubaya. Lipo Bubu, lisilotoa sauti likitikisika. Lipo Shemeji, ambalo ukilizoea sana linakuaibisha. Watoto wa jirani wanayajua majina hayo na huyatumia wakielekezana.

Katikati ya mlima anasimama mbele ya jiwe refu lililo laini kama sahani.

“Huyu anaitwa Kinyozi,” anasema. “Ndiye aliyenivunja mkono. Akiwa mkavu anakuchuna ngozi kidogo. Akilowa, huna pa kushika.”

Princess anapitisha kiganja juu ya jiwe. Anauliza linamfika wapi akiwa amekaa. Shimba anamwonyesha: kifuani. Anauliza ingekuwaje kama pangekuwa na ngazi. Shimba anamwambia ngazi za kawaida hazimsaidii, kwa sababu hupimwa kwa magoti ya watu wanaosimama. Yake ingepimwa kutoka kiganja hadi kiwiko, isizidi hapo, na pembeni iwe na bomba la kushika.

“Ni mawe mangapi ya namna hii?”

“Mabaya ni sita. Mengine tunaelewana.”

Kutoka pale Kinyozi, Ziwa Viktoria linaonekana lote likiwaka jua, lakini hakuna mwanafunzi anayeliangalia. Dakika arobaini zimepita na bado hawajafika kwenye nyumba.

Princess anageuka na kuwaambia wenzake wakae. Wanakaa juu ya mawe, wengine wakining’iniza miguu. Anamwuliza mweka hazina kiasi kilichobaki kwa ajili ya hafla. Kiasi hicho kinatosha saruji, mchanga na mabomba, kama hakuna atakayekunywa soda.

Mwalimu Chenge, anayehema akiwa ameegemea jabali, anasema wachangiaji walitoa pesa kwa ajili ya baiskeli na hafla, na klabu ina ahadi. Hasemi kwa ukali. Anasema kama mtu anayejua ni nani ataitwa ofisini Jumatatu.

“Mwalimu, tuliwaahidi kwamba mzee atafika kazini bila shida,” anasema Princess. “Tukimpa baiskeli halafu masika ikamwangusha hapa, tutakuwa tumewaambia nini?”

Anaomba wanaoafiki kuifuta hafla wanyooshe mikono. Inanyooka kumi na mmoja, ukiwemo wake. Mwalimu hanyooshi. Anatazama lile jiwe, anatazama chini barabarani ambako baiskeli inaonekana ndogo kama ya kuchezea, kisha anatoa simu mfukoni na kumkabidhi Princess.

“Mpigie wa turubai kwanza, kabla hajapakia,” anasema. “Wazazi nitawapigia mimi.”

Mwenye turubai anasema malipo ya awali hayarudi. Princess anamjibu kwamba ameelewa, anakata simu, anampigia mwenye keki.

Shimba hajasema asante na hasemi. Anatoa masharti. Baiskeli ataichukua, lakini hakuna mtu atakayempiga picha akiipokea. Italala kwenye banda la mkaa. Suzana anapigiwa kelele kutoka juu na kujibu kutoka chini kwamba nafasi ipo, ila Ngosha asije kumlaumu suruali ikiwa nyeusi. Sharti la pili ni kwamba wanaojenga wawe wao wenyewe, kwa sababu hana pesa ya vibarua. Atakayewaongoza ni Nestory, fundi mwashi anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwake, ambaye Shimba humshonea viatu vyake na vya wanawe.

Nestory anatolewa nyumbani akiwa amevaa kanzu ya kulalia. Saa kumi na moja kasoro, saruji mifuko mitatu imefika barabarani. Mchanga umelipiwa toroli nne. Wanafunzi wamejipanga mstari kutoka barabarani hadi kwa Kinyozi, na ndoo zinapita mkono hadi mkono, zikiwa zimejaa zinapopanda na tupu zinaposhuka. Mwalimu Chenge amevua tai na kusimama nafasi ya saba.

Shimba ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akitazama. Anapoulizwa anatumaini nini, anafikiri kama mtu anayepima ngozi kabla ya kuikata.

“Wakimaliza mabaya yote sita, nataka kumleta mama mkwe wangu,” anasema. “Yuko Sengerema. Ana miaka themanini na mbili na hajawahi kuiona nyumba yangu. Huwa anasema labda nimemdanganya kwamba ninayo.”

Nestory amefunga mbao za kumwagia zege na kupima kwa futi yake. Anatangaza kwamba kimo ni sawa, ngazi ya kiserikali kabisa. Shimba anashuka kwenye ndoo, anajikokota hadi kwenye mbao, anasimamisha mkono wake pale, kiganja chini, kiwiko juu. Mbao zimezidi kwa vidole vinne.

“Punguza.”

“Ngosha, hivi ndivyo zinavyojengwa.”

“Kwako wewe. Punguza.”

Nestory anaguna, anang’oa misumari, anashusha mbao. Shimba anapima tena. Safari hii kiwiko kinakaa sawasawa na ukingo. Princess na Orwa wanasubiri, wameshika karai la zege kila mmoja upande wake.

“Mwageni,” anasema Shimba.

Wanamwaga.