Viti Kumi na Viwili vya Mbele

Mama Bei-ya-Mwisho hakuwahi kununua kiti bila kukipindua miguu juu. Ndivyo alivyomnasa fundi. Kwenye mguu wa nyuma palikuwa na fundo la mti lililozibwa kwa unga wa mbao na gundi, likapakwa rangi ya viatu hadi likafanana na mbao yenyewe. Miaka ishirini ya kununua na kuuza samani, na bado nusura limpite.

"Nani kakufundisha uongo mzuri hivi?"

Fundi, kijana mwembamba mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, akacheka. "Njaa, mama."

"Basi njoo tule pamoja."

Wakaanza. Yeye alitafuta wateja, fundi akatengeneza, faida wakagawana. Fungu kubwa likaenda kwake, maana bila mdomo wake viti vingeozea kibandani. Alimpenda kwa sababu alikuwa na tamaa, na mwenye tamaa unajua pa kumshika. "Nipe miaka mitano tu," fundi alizoea kusema akipiga randa, "nitakuwa na nyumba ya vyumba vinne na pikipiki mbili: moja ya kupanda, moja ya kuwaringishia mashemeji."

Kisha fundi akaokoka.

Hilo peke yake halikumsumbua Mama Bei-ya-Mwisho. Waliookoka nao hulala vitandani. Tatizo ni kwamba fundi hakuishia hapo. Kila Alhamisi alifunga kazi mapema akaenda kusoma Biblia na wenzake wanane kwenye chumba cha nyuma cha fundi saa, na kila Ijumaa alirudi na jambo jipya aliloacha. Wiki hii kaacha kuziba mafundo. Wiki ijayo anamwambia bibi harusi mtarajiwa kwamba kabati alilolipenda mbao zake hazijakauka, asubiri mwezi mmoja. Bibi harusi akasubiri dakika moja, akaenda duka la pili.

"Kila mumeo akikua kiroho, sisi tunadumaa," Mama Bei-ya-Mwisho alimlalamikia mke wa fundi.

Mke alikuwa akianua nguo sebuleni, kwa kuwa sebule haikuwa na paa. Nyumba ya vyumba vinne ilikuwa imefika nusu: vyumba viwili vilikuwa vimeezekwa. Viwili viliota nyasi. "Dada, wokovu nimeupokea kwa mikono miwili," akasema. "Ila na bati ningelipokea."

Ndipo ikaja kazi ya kuwatoa wote kwenye shida. Kanisa la fundi mwenyewe lilikuwa limemaliza jengo jipya, likataka mabenchi arobaini yasiyo na migongo, na viti kumi na viwili vya mbele, vya nakshi na sponji nene, kwa wageni wa heshima. Mabenchi hayakuwa na kitu. Faida ilikaa kwenye vile kumi na viwili. Kwa viti hivyo, Mama Bei-ya-Mwisho angepata duka la njia panda lenye kioo mbele, ambalo mmiliki wake alitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Na fundi angemaliza kuezeka. Alishindana na mhazini wa kanisa siku tatu, mpaka mhazini akaomba maji.

Fundi alisoma karatasi, akaiweka kando ya randa. "Mabenchi nitatengeneza. Viti, hapana."

"Unaumwa?"

"Tumesoma barua ya mtume, mama. Anawasuta wanaompa tajiri mwenye pete mahali pazuri, na maskini wanamwambia akae chini. Wiki ya pili sasa maneno yale hayajaniacha. Halafu mimi nichonge viti vya namna ile ile?"

"Mtume hakutaja sponji."

Fundi akacheka, lakini hakuichukua karatasi. Mama Bei-ya-Mwisho akafanya anachokijua. Akashuka hadi viti sita. Akashuka hadi vinne. "Basi kimoja tu, cha mchungaji. Mtu wa Mungu naye ana mgongo!"

"Mama, unashuka kana kwamba nimetaja bei. Sijataja bei."

Hilo ndilo lililomchoma. Alishapambana na wabishi, walevi na wajane wenye machozi ya kukodi, na kila mmoja alikuwa na pa kushikwa. Huyu alikuwa mlango uliong'olewa kitasa.

Fundi akaenda mwenyewe kwa mhazini na shauri lake: viti vifutwe, mabenchi yote yawekewe migongo. Mhazini akavua miwani. "Na wageni wa heshima watakaa wapi?"

"Karibu na watu."

Mhazini akavaa miwani, na shauri likafia hapo.

Mwezi ulikuwa unaisha. Mama Bei-ya-Mwisho akampa viti fundi mwingine wa nyuma ya soko, kisha akaja kumwambia huyu wa kwanza kwamba ushirika wao umekwisha.

"Sina kinyongo na wewe, mama."

"Afadhali ungekuwa nacho. Tungekuwa na la kuzungumza."

Siku ya kufungua kanisa, mhazini alimkalisha Mama Bei-ya-Mwisho kwenye kiti cha tatu cha mbele. Kila alipopumua, kiti kililia. Mhubiri akataja unyenyekevu, kiti kikaitikia. Wanakwaya wakabinyana mbavu. Akageuka nyuma kwa hasira, akaona mabenchi arobaini, yote yana migongo, na hakuna hata moja linalotoa sauti. Mbao alizijua kwa macho. Zile za migongo ndizo fundi alizokuwa ameziweka za kuezekea vyumba vyake viwili. Fundi alikaa benchi la mwisho, na kati yake na mkewe pangetosha mtu wa tatu.

Duka alilipata. Lina kioo, na lina mafundi watatu wanaoziba mafundo vibaya kuliko yule alivyoziba enzi za njaa yake. Makochi yanarudishwa. Juzi alikwenda kibandani kumpa fundi kitu ambacho hajawahi kumpa mtu: nusu kwa nusu.

"Nakubali, mama," fundi akasema bila kuacha randa. "Ila kila fundo nitamwonyesha mteja."

Aliondoka bila kuaga, akipiga hesabu ya wateja watakaokimbia ukweli ule, akailinganisha na makochi yanayorudi. Hasara zilikaribiana mno, na hilo likamkera kuliko kukataliwa. Jibu bado hajatoa. Nyasi za sebuleni kwa fundi zimefika magotini, na mkewe humjibu kwa mkato. Naye Mama Bei-ya-Mwisho, kila asubuhi, kabla ya kugeuza kibao cha "Tumefungua", huvipindua viti vyake mwenyewe miguu juu, kimoja kimoja.